Nani aliwadanganya kwamba pasipo Elnino hakuna mafuriko?

Wakuu, wasimamizi naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa bei ya nyanya. Huu nina hasira nao mwenyewe.

Leo yule jamaa wa semina karudi kwenye grupu letu la wakulima: "Mwaka huu hakuna Elnino, limeni bondeni bila wasiwasi." Maneno yale yale aliyotulisha 2019! Nikaamini. Nikapanda nyanya ekari moja na nusu, bondeni Korogwe, miche ishafika magotini, nimeshaisimika miti na kuifunga kamba za katani. Oktoba ikanyesha. Alfajiri naenda shamba, nakuta maji yamefika matawi ya mwembe tuliofungia pampu. Pampu sijaiona mpaka leo.

Na kweli, 2019 Elnino haikuwepo! Ndicho kinachoniuma. Elnino ni maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, mbali huko. Kilichotupiga ni bahari yetu hii hii. Bahari ya Hindi upande wa Afrika ilipata joto, upande wa Sumatra ukapoa. Wenyewe wanaita daipoli. Ule upepo ambao miezi ya vuli huwa unasukuma mvuke kuelekea Indonesia ukalegea, mvuke ukatumwagikia sisi. Australia wakawa wanaungua misitu, huku Handeni na Korogwe barabara imekatika.

1997 vyote viwili vilikuja pamoja, ndiyo maana baba yangu kila mvua kubwa anaiita Elnino. 2015 je? Elnino ilikuwa miongoni mwa kali kuliko zote zilizowahi kupimwa, watu wakahama mabondeni, mbona vuli haikufika hata karibu na ile ya 1997? Daipoli ilikuwa dhaifu. 2023 zikakutana tena, kila mtu aliona.

(Wa Dodoma na Singida msinirukie, nyie msimu wenu ni mmoja, naongelea vuli. Na masika nayo ina mambo yake, haifuati hesabu hizi kihivyo.)

Basi nikamuuliza kwa adabu kabisa palepale: "Mkuu, Pasifiki tumekusikia, Bahari ya Hindi inasemaje?" Akaweka kikatuni cha kucheka. Nikauliza mara ya pili. Admini kanitoa.

Elfu kumi yangu ya kiingilio hawajarudisha.