Seven Days in May: njama ya kwenye riwaya inasadikishwaje?

Mchokozi wa Kalamu
Wakuu, naomba mnifungue macho. Ukisuka riwaya ya mapinduzi, msomaji huuliza mapema: jambo kubwa hivi linafichikaje? Seven Days in May ya Fletcher Knebel na Charles W. Bailey (1962) ina majenerali wa Marekani wanaotaka kumng'oa rais wao, na ilipotoka watu waliiona kama jambo linaloweza kutokea. Ni ufundi, au wakati tu uliwabeba?

Mhariri Mkongwe
Ufundi kwanza. Wanaojua mpango mzima ni wachache. Askari zaidi ya 3,000 wa kikosi cha siri, ECOMCON, wamewekwa jangwani upande wa El Paso, na kila mmoja ana kipande chake ambacho kikiwa peke yake hakina ubaya. Kwa hiyo, kabla ya sura ya kwanza, andika nani anajua tarehe, nani anajua shabaha, na nani anatii amri tu. Kundi la kwanza likipita watu kumi, punguza.

Halafu tazama ufa unavyoanza. Jenerali Scott, mkuu wa majeshi anayeongoza njama, anawatumia makamanda ujumbe wa kubashiri mbio za farasi za Preakness, kumbe ni fumbo la kuuliza nani yumo. Wanaitikia, ila Admirali Barnswell anakataa. Kanali Casey, shujaa wetu anayefanya kazi chini ya Scott, anasimuliwa hilo kama kichekesho cha ofisini. Kisha rafiki yake aliyeko ECOMCON anamwambia kwamba wanafundishwa zaidi kuteka mitambo ya mawasiliano kuliko kuilinda. Neno "kuteka" tu linafanya kazi ambayo waandishi wengi huibebesha maiti tatu!

Kosa linaloua njama nyingi ni kuandika ratiba ya shujaa peke yake. Anza na ya wala njama, saa kwa saa, hata kama msomaji hataiona. Bila hiyo, wabaya hukaa wakimsubiri shujaa awagundue.

Msomaji wa Usiku
Mkuu, wakati nao tusiudharau. Aprili 1961 ilikuwa na Ghuba ya Nguruwe, uvamizi wa Cuba ulioungwa mkono na Marekani ukashindwa; mwezi huohuo majenerali wanne wa Ufaransa wakaasi Algiers, Algeria, dhidi ya rais wao de Gaulle, na Jenerali Edwin Walker wa Marekani akavuliwa ukamanda wa divisheni yake kule Ujerumani kwa kuwalisha askari siasa za mrengo wa kulia. Msomaji wa 1962 alikuwa ameshaona jenerali akimdharau rais.

Rais Kennedy mwenyewe aliisoma riwaya, akamwambia rafiki yake Paul Fay kwamba jambo hilo linawezekana iwapo rais kijana ataandamwa na mikasa kadhaa ya aina ya Ghuba ya Nguruwe. John Frankenheimer alipotengeneza filamu ya riwaya hiyo (iliyotoka 1964), Ikulu iliruhusu vurugu za waandamanaji zipigwe picha nje ya lango lake, Kennedy akaenda nyumbani kwao Hyannis Port wikendi hiyo. Pentagon, wizara ya ulinzi, haikushirikiana nao.

Bila Jina
Msisahau sababu ya Scott. Rais Lyman amefunga mkataba wa kuachana na silaha za nyuklia na Wasovieti, na kura ya maoni inampa asilimia 29. Scott anaamini kwa dhati anaiokoa nchi. Mpe mbaya wako hoja ambayo mtu mwenye akili timamu angeweza kuikubali.

Mchokozi wa Kalamu
Shukrani. Na ushahidi je? Shujaa akishapata hati, hadithi si imeisha?

Mhariri Mkongwe
Usimwachie hati mkononi. Barnswell anatia saini maungamo, Girard, msaidizi wa rais, anayabeba, na ndege yake inaanguka. Lyman anabaki na siri ya kimapenzi ya Scott, anakataa kuitumia, na anamkabili bila karatasi. Hati yenyewe inakuja kupatikana ndani ya kikebe cha sigara. Ukiiga mbinu hiyo, kikebe kionekane mapema, mtu akiwasha sigara kawaida kabisa. Ukikileta siku ya ajali, msomaji atajua umekiokota njiani.