Mtathmini anarudi Alhamisi, nifanye nini na Gredi ya 2 yangu?

Chaki_Mpya
Hamjambo wanabaraza. Niko kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja huku Kisumu, upande wa Nyalenda. Gredi ya 2, watoto 61, dawati moja linabeba wanne. Nawapenda na wananipenda, hilo sina shaka nalo. Asubuhi nikishuka kwa boda, mkoba wangu wanaugombania tangu langoni. Kuna mmoja hunichongea penseli kwa wembe, na wembe wenyewe nimemkataza mara ngapi sijui.

Sasa shida. Mtathmini wa chuo alikuja wiki jana, somo likaenda vizuri, alama nikapata. Anarudi Alhamisi. Lakini tangu siku ile darasa limepoa. Wimbo wanauimba kama wako matangani. Mkoba naubeba mwenyewe. Nifanyeje wachangamke kabla ya Alhamisi? Andalio la somo liko tayari, vifaa viko tayari. Ni wao tu.

Mama_Kibuye
Wape mandazi mwanangu. Mtoto wa umri huo hana kinyongo mbele ya andazi. Njoo sokoni mapema nikupunguzie.

Mwalimu_Mstaafu
Mama, hiyo itakuwa hongo. Mwalimu mwenzangu, sisi wa P1, cheti cha zamani cha ualimu wa msingi, tulifunzwa kwamba darasa huamka kwa kifaa. Mwaka 1988 nilikuwa shule ya mashambani huku Kakamega, mkaguzi akaja, akaketi dawati la nyuma kabisa. Dawati likakatika katikati. Watoto walicheka hadi kengele ya mapumziko, mimi nimegeukia ubao naandika tarehe ile ile mara tatu. Alama alinipa nzuri, nadhani tusije tukasimulia. Kwa hivyo nasema ufaraguzi, mwalimu. Leta kitu cha kushikwa mkononi.

Chaki_Mpya
Asante mzee. Ufaraguzi niliufanya. Somo lilikuwa kutoa, nambari zisizozidi 20, na kila kikundi kilikuwa na rundo la vifuniko vya soda. Mtathmini mwenyewe alivisifu, akavipiga picha.

Sista_wa_Zamu
Ticha, watoto hawapoi bure. Siku hiyo kulitokea nini?

Chaki_Mpya
Hakuna kilichotokea. Nimesema somo lilienda vizuri.

Sista_wa_Zamu
Na walikuwa 61 siku hiyo?

Chaki_Mpya
58.

Boda_wa_Kondele
Haya, tumefika.

Chaki_Mpya
Sawa, niseme. Watatu niliwatuma jikoni wakamsaidie mpishi kuchagua maharagwe ya githeri. Wawili ni watukutu, na si mimi niliyeanza, mwalimu wa darasa ndiye aliyenishauri. Kila mtu hapa hufanya hivyo mgeni akija. Wa tatu ana kigugumizi. Nimwite Baraka. Huyu kila swali mkono uko juu, na ukimchagua, kabla neno halijatoka wenzake washaanza kumwigiza, somo limekatika. Nina dakika 30 tu. Nilikuwa namlinda asichekwe mbele ya mgeni.

Tafadhali msinihukumu. Mshawahi kufundisha na mtu nyuma ya darasa anaandika kila mnachosema? Nikianguka narudia mazoezi, na kodi ya nyumba ni hapo hapo. Alhamisi wale wawili nitawaacha darasani. Baraka nimeshaongea na mwalimu wa PP2, lile darasa la chekechea, akae naye kwa hizo dakika 30. Huko atapaka rangi, atafurahi.

Na vile vifuniko ni yeye aliyevileta. Mama yake ana kibanda cha soda. Alivileta kwa pakiti ya unga, ameviosha.

Mama_Kibuye
Uuuwi.

Boda_wa_Kondele
Manze ticha, mimi ndiye nilikuwa natumwa mtoni mkaguzi akija. Darasa la pili mpaka la sita. Njia ya mtoni naijua kuliko jedwali la kuzidisha la saba. Ukinipata stejini asubuhi, lipa kabla ya kupanda.

Mwalimu_Mstaafu
Kusema kweli, hata sisi hatuna mikono safi. Enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, mtoto dhaifu alikuwa akirudishwa darasa la saba ili wastani wa shule usishuke, na wazazi wenyewe walitushukuru. Mtihani ule ulifanywa mara ya mwisho 2023. Naona kuficha watoto kumehitimu na kuingia mtaala mpya. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu, mwalimu. Haikusema isipokuwa Alhamisi.

Mkulima_wa_Molo
Mnamlaumu binti bure. Watoto 61 kwa mwalimu mmoja, nani ataweza? Na hiyo nyumba ya Nyalenda unalipa ngapi kwa mwezi? Mwanangu anakuja chuo huko.

Sista_wa_Zamu
Tuache kodi kidogo. Mtoto wa kigugumizi usimmalizie neno. Usimwambie "pole pole" wala "vuta pumzi", hiyo humbana zaidi. Mwangalie usoni, ngoja. Wengi wao wakiimba, au wakisema pamoja na wenzao, maneno hutiririka. Basi acha darasa lijibu kwa pamoja mara tatu nne, halafu mwite yeye. Wanaomwigiza ongea nao kabla, sio yeye.

Chaki_Mpya
Akiimba hakwami, ni kweli. Lakini hamjui ilivyoniuma siku ile. Mtathmini aliuliza mwenyewe, 15 kutoa 7? Darasa zima kimya. Mara nikasikia sauti nje ya mabati, "n-n-nane". Nilitamani ardhi inimeze.

Jicho_la_Nakuru
Hapo nimeshuka kwenye gari. Mtoto yuko jikoni na maharagwe, mara yuko nyuma ya mabati, tena swali limemngoja yeye tu! Hii ni hadithi ya kutafuta huruma. Vifuniko vimeoshwa, sauti nje ya ukuta, bado mvua kunyesha. Mwalimu kama upo, weka picha ya andalio la somo, ficha majina.

Boda_wa_Kondele
Mimi naamini. Maharagwe huisha, mtu anarudi kuchungulia. Nimechungulia sana mimi.

Mama_Kibuye
Hata kama ni uongo nimeshalia, nitamrudishia nani machozi?

Jicho_la_Nakuru
Mama, ndivyo wanavyoanza. Kesho atawaomba nauli.

Mwalimu_Mstaafu
Chaki, mjibu huyu bwana.

Chaki_Mpya
Siombi nauli. Ile ya sauti nimeongeza chumvi. Swali lilijibiwa na msichana wa dawati la mbele. Baraka hakusema kitu, wala hakutoka jikoni. Somo lilipoisha nilienda kuwaita, wale wawili wakaja mbio. Yeye alibaki ameinamia ungo, anatoa vijiwe, anavipanga kwenye ukingo. Nikamwambia "Baraka, twende". Akaendelea.

Kesho yake alikuja mezani na ile pakiti ya unga, ameipanua mdomo kwa mikono miwili. Hakusema neno, na mimi sikumuuliza. Nikavirudisha humo vyote, nikivihesabu kwa sauti kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Darasa lote linaangalia.

Jicho_la_Nakuru
Si ulisema vifaa viko tayari?

Chaki_Mpya
Nimeokota mawe.

Jicho_la_Nakuru
Hii naamini.

Sista_wa_Zamu
Na PP2?

Chaki_Mpya
Mwalimu wake ameniandikia sasa hivi, anauliza kama bado namleta Alhamisi, amwekee kiti. Sijamjibu.

Mkulima_wa_Molo
Lakini kodi hujasema.