Naomba ushauri: dira karibu na mitambo ya upepo

Wakuu, habari za leo. Nipo Moshi, nafundisha vijana wanaotaka kuongoza watalii jinsi ya kusoma ramani na dira. Mwezi ujao tunavuka Namanga kwenda vilima vya Ngong, Kenya. Kule juu kuna mitambo ya kufua umeme kwa upepo, na mwenzangu anadai dira zote zitapotea mwelekeo.

Ninavyoelewa, mnara wa chuma huweza kuvuta sindano ukiwa pale chini yake, lakini nguvu hiyo hufifia haraka ukisogea. GPS hutegemea mawimbi ya satelaiti, sumaku haiigusi, ingawa mshale wa dira kwenye simu hutumia kihisi cha sumaku. Kinachosumbuliwa sana na mapanga yanayozunguka ni rada. Tena miamba ya volkano ya huku Kilimanjaro yenyewe ina madini ya sumaku, na hiyo hakuna anayeilalamikia!

Waliowahi kupima: nisogee umbali gani kutoka kwenye mnara ndipo nisome dira? Na nyaya zilizofukiwa ardhini je? Umeme wake ni wa mkondo geu (AC), yaani unageuza mwelekeo mara nyingi kila sekunde, kwa hiyo nahisi sindano haitayumba, ila nataka kusikia kwa fundi umeme au rubani.