Kukandwa mwili pamoja na unasihi: je, vinamsaidia mtu kuacha sigara?

Muulizaji, Tabata:
Habari zenu, ndugu. Kaka yangu ni fundi cherehani Kariakoo, na amevuta sigara tangu ujana wake. Mwezi uliopita alijaribu kuacha. Siku ya tatu shingo ikakakamaa, hasira zikamzidi, akairudia. Sasa kuna mkandaji anayemwahidi kwamba akikandwa mara nane nikotini yote itatoka na hamu itakwisha. Je, tumlipie, au aanze na mnasihi?

Mtaalamu wa fiziotherapia:
Dada, pole kwa kuuguza. Kukandwa hakutoi nikotini. Ini ndilo linaloivunja, na nusu ya iliyomo katika damu huondoka kwa takribani saa 2. Siku ya tatu iliyomshinda ndiyo kilele cha arosto, yaani mateso ya mwili unaokosa nikotini, kwa watu wengi, kwa hiyo asijione dhaifu. Ushahidi kwamba kukandwa au akupancha (tiba ya kuchomwa visindano vyembamba visivyo na dawa) peke yake humwachisha mtu kwa muda mrefu ni hafifu, ilhali unasihi ukiambatana na dawa umethibitika. Vibandiko na bazoka za nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009. Hata hivyo kukanda kuna faida yake. Mikono hulegeza misuli, hutuliza wasiwasi na huleta usingizi, na nimeona zaidi ya mara moja mgonjwa aliyenyamaza mbele ya meza ya mnasihi, akija kwangu akalala kifudifudi, bega likikandwa, akaanza kueleza mwenyewe kwamba sigara ya kwanza huiwasha alfajiri anapowaza madeni. Maneno hayo ndiyo anayoyahitaji mnasihi, basi wawili hao wawasiliane, kwa ridhaa ya kaka yako.

Mchangiaji, Temeke:
Niliacha baada ya kushindwa mara mbili. Mnasihi alinionyesha kwamba kiu ya sigara hudumu dakika chache tu, nami nikazoea kujikanda nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka ipite. Pagumu palikuwa baada ya chai ya asubuhi.

Muulizaji, Tabata:
Nashukuru sana. Nimemsomea yote, amekubali kuanza na mnasihi. Anauliza: sigara na kiberiti anavyoviweka katika kopo la chaki avitoe sasa, au asubiri siku watakayopanga?

Mtaalamu wa fiziotherapia:
Avitoe leo, dada, na kopo lioshwe, maana harufu yake peke yake inatosha kumwita.