Kikapu cha Pasaka cha Kipoland kwenye joto la Dar: nisaidieni kabla mama mkwe hajafika

Mkwe_wa_Lublin
Wakuu, habari za Kwaresima. Mke wangu ni Mpoland, tulikutana nikisoma Lublin, kule kwao Poland, sasa tunaishi Mbezi Beach na binti yetu. Mwaka huu mama yake anakuja kula Pasaka kwetu. Tangu baba mkwe afariki hajawahi kuila sikukuu hii nje ya nyumba yake, kwa hiyo nataka akute kila kitu kama alivyozoea.

Kwao Jumamosi Kuu kila familia hupeleka kikapu kanisani kikabarikiwe. Ndani kuna mayai ya rangi, mkate, chumvi, soseji, mzizi mkali wa chrzan unaopanda mpaka puani, na mwanakondoo aliyechongwa kwa siagi, macho yake karafuu au punje za pilipili manga. Haonji mtu mpaka Jumapili asubuhi. Hapo yai lililobarikiwa hukatwa vipande, mnagawiana huku mkitakiana heri mmoja mmoja. Mama mkwe alinipa kipande changu kabla hata sijaposa, akanishika mkono mwingine asiuachie mpaka amalize kunitakia mema. Binti yangu lazima aipate asubuhi kama ile.

Sasa masika ndiyo haya. Siagi inalegea kabla hatujafika parokiani. Supu yao ya żurek inataka unga wa rai, nafaka jamii ya ngano, uliochachushwa. Rai sijaipata, na mke wangu anaogopa kuchachusha kitu kwenye joto hili. Chrzan ndiyo kabisa. Halafu padre wa hapa atakubali kubariki soseji? Aliyewahi kufanya anielekeze.

Mama_Jikoni
Karibu baba. Nimepika miaka mingi kwenye nyumba ya masista wa Kipoland huku Kanda ya Ziwa, hayo mambo nayajua.

Rai achana nayo. Wapoland wana supu nyingine ndugu ya żurek, wanaiita barszcz biały, na hiyo huchachushwa kwa ngano. Chukua atta, ile ya chapati. Vijiko vitano vya unga, nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vitunguu saumu vilivyopondwa. Tia kwenye mtungi wa kioo, funika kwa kitambaa safi, usikaze kifuniko, maana inatoa gesi. Koroga kila siku kwa mwiko safi. Kwao inachukua siku nne au tano. Kwa joto la Dar anza kuonja siku ya pili. Ikishakuwa na uchachu kama wa togwa, peleka kwenye friji. Ukiona ukungu juu au harufu imekuwa ya kuoza, mwaga uanze upya. Siku ya kula, chemsha soseji, mimina uchachu kwenye maji hayohayo, koroga mpaka yawe mazito, kisha weka mayai ya kuchemsha yaliyokatwa nusu.

Mayai nunua ya kienyeji, yale meupe. Haya ya kisasa ni ya kahawia, rangi haionekani vizuri. Chemsha na maganda mengi ya vitunguu maji vyekundu, yanatoka na rangi ya udongo mwekundu, yanapendeza mno. Yakipoa mpe mtoto sindano akwaruze maua juu ya ganda. Huo ni mtindo wa kwao kabisa, bibi yake ataufurahia.

Mwanakondoo mchonge Ijumaa usiku, alale kwenye friza, asubuhi mbebe kwenye deli lenye barafu na umtoe padre akishafika. Mkishindwa, okeni wa keki. Poland nao wapo wa kuokwa na wa sukari, mama hataona ajabu. Soseji na mayai yakishabarikiwa yarudi kwenye barafu upesi, msiviache kwenye gari.

Mzee_wa_Usa_River
Kuhusu chrzan, mzizi wa mlonge una ukali unaofanana. Waingereza waliokuwa India waliukwangua wakala na nyama.

Jambo jingine. Mama akipata nafasi mlete Arusha, afike Tengeru. Kuanzia 1942 waliishi hapo Wapoland kama 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Warusi waliwahamishia Siberia, wakatoka kupitia Iran, meli zikawaleta Afrika Mashariki. Walikuwa na shule zao na kanisa lao chini ya Mlima Meru. Makaburi yao yanatunzwa mpaka leo. Mtu anayedhani ndiye Mpoland wa kwanza kula Pasaka kwenye nchi ya migomba atafarijika sana hapo.

Mama_Jikoni
Mzee shikamoo. Mlonge hapana, nakuomba. Ganda la mzizi wake lina sumu, na mwenye mimba hatakiwi kuugusa kabisa. Mama aje na chupa ya chrzan kutoka kwake, haina uzito.

Katekista
Kubariki hakuna shida, soseji ya nguruwe ikiwemo. Baraka ya vyakula vya Pasaka imo kwenye kitabu cha baraka cha Kanisa. Ila muone paroko kabla ya Juma Kuu, maana baadaye anazidiwa na maungamo, na Jumamosi jioni ni maandalizi ya mkesha.

Mkwe_wa_Lublin
Mzee, shikamoo, na asanteni wote. Atta iko mtungini tangu jana. Mke wangu amempigia mama yake: chrzan inakuja, na Tengeru tutakwenda wiki ya pili, amelia aliposikia. Kwao Jumapili ya Matawi hushika vitawi vya mti wa baridi wenye vichipukizi vya manyoya, kwa kuwa mitende haioti. Hapa nitampa kuti changa la mnazi wa uani kwetu.

Jumatatu ya Pasaka wao humwagiana maji, majirani nimeshawaarifu. Na paroko amekubali, Jumamosi Kuu saa nne asubuhi, ila amesema tusije peke yetu. Aliyeko Mbezi na ana kikapu, mayai na chumvi vinatosha, anitumie ujumbe nimwelekeze kanisa.