Tunajenga ua mmoja lakini mifuko haifanani. Mchango tuupimeje?

Binti Langoni
Asalaam aleikum. Naomba ushauri wenu.

Tuko familia sita hapa Lamu. Tunatafuta kiwanja kimoja nyuma ya Langoni, tujenge nyumba ndogo ndogo kuzunguka ua mmoja. Jiko kubwa liwe la wote, tangi la maji moja, na chumba cha wageni tuazimane. Tumelelewana, tumezikiana, hapo hatuna shaka.

Shaka ni pesa. Mimi na mume wangu ni walimu. Kaka yangu yuko Doha. Wawili ni wavuvi, mmoja ana punda wa kubebea mchanga na simiti kutoka gatini, na wa sita ni mama mjane anayeuza mahamri na mbaazi alfajiri. Kaka anasema tugawe sawa kwa sita, asiyeweza ajitoe. Nimepiga hesabu: hapo tunabaki mimi na yeye tu. Sitaki ua wa wenye mishahara. Huyo mama ndiye aliyewatazama wanangu nilipokuwa chuoni.

Na jingine: bei za viwanja vya Shela, kijiji jirani, mnazijua. Akija mgeni na pesa zake, mmoja wetu akauza, ua si umekwisha?

Mpwani Ughaibuni
Dada, hapa Uingereza, mjini Leeds, kuna mtaa unaitwa LILAC, nyumba 20, wameingia mwaka 2013. Nyumba ni mali ya chama chao. Kila kaya hulipa asilimia 35 ya mapato yake baada ya kodi ya serikali, na malipo yanajenga hisa. Mwenye kipato kikubwa analipa zaidi na hisa zake zinakua zaidi, kwa hiyo haoni kama anadhulumiwa. Kaka yako mweleze hivyo, atasikia. Ila nao wameweka kima cha chini cha kipato kwa kila ukubwa wa nyumba. Mkiiga mzima mzima, mama wa mahamri ataachwa nje.

Mtaa wa Sættedammen kule Denmark, wa 1972, ambao wengi huutaja kuwa wa kwanza wa makazi ya pamoja ya namna hii, kila nyumba ilikuwa mali ya mwenyewe. Ukumbi wa pamoja wanao, lakini kuingia kunataka uwe na pesa za kununua nyumba.

Fundi wa Barani, Malindi
Asilimia ya kila mwezi kwa mvuvi ni kumtesa. Kusi ikivuma, bahari ikachafuka, vyombo vidogo vinakaa ufukweni. Atalipa nini? Mpimieni kwa mwaka: alipe nyingi kaskazi, kusi alipe kidogo au asilipe, na isiandikwe deni.

Halafu mnasahau kazi. Lamu mchanga unashuka jahazini, unapanda punda, na usafiri huo unakula pesa ya ujenzi vibaya. Mwenye punda akibeba mizigo ya nyumba zote sita, huo ni mchango. Uandikwe daftarini kwa bei ya soko, siku ileile, mbele ya mashahidi. Msiseme tutakumbuka.

Mtaita
Kuhusu kuuza, tazameni Voi, mtaa wa Tanzania-Bondeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ardhi yao iliwekwa chini ya chama cha wakazi. Mpango ulikuwa huu: nyumba ni yako, ardhi ni ya wote, haiuzwi. Andikeni hilo kabla ya kununua, na wakili alipwe na wote, asiwe wakili wa kaka peke yake.

Binti Langoni
Shukran sana. Jana usiku nimeongea na kaka. Hisa amezikubali. Kiwanja kuwa cha wote bado kinamkwaza, anasema wanawe watarithi nini. Nimemjibu watarithi nyumba na hisa. Ijumaa tunakaa wote sita, na mwenye punda ameshaanza daftari.

Fundi, nisaidie moja: mama akipikia mafundi muda wote wa ujenzi, siku yake tuiandike kwa bei gani? Mimi nasema sawa na kibarua. Mume wangu anasema sawa na fundi.

Fundi wa Barani, Malindi
Mumeo yuko sahihi. Mafundi wasipokula, ukuta haupandi.