Dozi ya kila saa 4 ya magnesiamu imefika, mkojo ni kidogo: tuchome au tusubiri?

Mwanafunzi_Wodi3: Shikamooni wakubwa. Nasoma uuguzi mwaka wa pili, niko mazoezini wodi ya wazazi. Tulikuwa na mama wa kifafa cha mimba, ameshapata magnesiamu salfeti ya kuanzia, 4 g za mshipa na 10 g za matako. Ilipofika saa nane usiku alitakiwa kuchomwa 5 g nyingine, lakini mfuko wa mkojo ulikuwa na ml 80 tu kwa saa 4 zote. Dada wa zamu akasema hatuchomi, akampigia daktari. Mimi hofu yangu, si atapata degedege tena?

Mkunga_wa_Usiku: Marahaba mwanangu. Dada yako alifanya sawasawa kabisa. Magnesiamu inatolewa na figo. Tunataka mkojo usiopungua ml 30 kwa saa, na huyo alikuwa na 20. Maana yake dawa ya mwanzo bado imo mwilini na inaendelea kumkinga. Ukiongeza 5 g juu yake inageuka sumu. Kwanza goti linaacha kuruka, halafu pumzi zinapungua, mwisho moyo unasimama.

Kwa hiyo kabla ya kila dozi hesabu pumzi dakika nzima, zisipungue 16, na usimwambie kama unahesabu maana atabadilisha anavyopumua. Kisha pitisha mkono wako chini ya goti lake, mguu ulegee kabisa, ndipo ugonge chini ya kifuu cha goti. Mama aliyechomwa ganzi ya mgongo mguu hautakupa jibu, gonga kwenye kunjo la kiwiko. Na kabla hujasema mkojo ni mdogo, funua shuka uangalie mpira wa mkojo. Mara nyingi mno unakuta umejikunja au ameulalia.

Nesi_Pwani: Naongezea kalsiamu glukoneti, dawa ya kupinga sumu ya magnesiamu, 1 g, yaani ml 10 za 10%, inayoingia mshipani polepole. Ikae kando ya kitanda pamoja na bomba lake. Mambo ya kabati lililofungwa na funguo ziko kwa mtu aliyekwenda kunywa chai siyataki kabisa! Pumzi zikisimama, anza kumpumulisha kwa mfuko na maski huku mwenzako anavuta dawa.

Mwanafunzi_Wodi3: Asanteni sana. Na vipimo vyote vikiwa sawa lakini ameshajifungua, tunaacha?

Mkunga_wa_Usiku: Hapana. Inaendelea hadi saa 24 baada ya kujifungua au baada ya degedege la mwisho, lolote lililochelewa. Pumzi, goti na mkojo vikiwa sawa, choma kwa wakati wake. Kumnyima kwa woga nako ni hatari. Ukizuia dozi, andika kwenye chati saa, sababu, na daktari uliyemjulisha. Ukiacha nafasi wazi, wa asubuhi watadhani umesahau, watachoma.